Jicho la Upande wa Pili

Maabara ya Samaki,
Chumba cha Nyuma.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na mgongo je, umekuachia sasa uinamie cherehani? Mimi ni mzima, ila tangu jana furaha hainikalishi kitini.

Unajua hapa nalea mayai ya samaki wa mtoni na wa pangoni. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ila wa pangoni ni vipofu. Nayaweka chini ya hadubini, sahani kwa sahani, nikilinganisha vitoto vinavyoumbika ndani. Ajabu yake ni kwamba wote huanza kuota macho! Kisha lenzi ya yule wa pangoni, ile punje angavu iliyo katikati ya jicho, hufa, na jicho zima husinyaa.

Mkuu wetu, mama asiyecheka na mtu, alinipa jaribio: nitoe lenzi kwa kitoto cha mtoni, nimpandikizie wa pangoni, upande mmoja tu. Nikishindwa, mkataba wangu unaisha mwezi huu na narudi nyumbani. Nawe unamjua kaka yako, angesema si alinionya kwamba samaki ni wa kukaangwa.

Wengi wakafa mikononi mwangu, akabaki mmoja. Kila asubuhi nikimchungulia, naona jicho linazidi kusinyaa. Jana nikakata tamaa, nikaenda kumwambia mkuu kwamba maji yamezidi unga. Nilikwishaanza kufunga mizigo, Shangazi, na nililia.

Mkuu akaja, akainama kwenye hadubini. Akachukua unywele uliogundishwa kwenye kijiti, akamgeuza samaki taratibu.

"Binti, alikuwa amelalia upande ule ule ulioupasua," akasema. "Siku zote hizi umekuwa ukitazama shavu ambalo hukuligusa."

Jicho lilikuwepo! Jeusi, la duara, kubwa sawa na la wa mtoni. Kama linaona, hatujui bado. Nilimkumbatia mkuu kabla sijakumbuka ni nani, naye akacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Jumatatu naanza mayai mapya, na mkataba ameuongeza mwaka mzima.

Nisalimie Babu, binamu zangu mapacha na jirani yetu fundi viatu. Mungu akutunze, akuzidishie nguvu za mwili na macho.

Na kaka yako mwambie kile chumba changu akipangishe tu.

Wako, akupendaye tangu hajajua kusema,
Kitindamimba