Tangi la Futi Sita

Nyumba za Bandari,
Ufukoni, Mtwara.
10 Agosti, 1975.

Mpendwa Dada Yustina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa kuchuma kahawa sasa limetulia. Mimi afya ninayo. Kazi ya umeme bandarini inaendelea, ila meli ni chache, na tunashinda tukipaka grisi mashine ambazo jana tulizipaka grisi. Nakula vizuri, nalala kidogo, na nguo zangu nafua mwenyewe. Kama hilo la mwisho limekushtua, usiiweke barua chini, soma taratibu.

Barua yako ya Julai niliipata. Umeniuliza kama wifi yako Joana ameshaanza kuivaa ile kanga uliyomtumia, na unataka apige picha akiwa ameivaa. Nitakujibu, lakini si hapa juu. Kwanza ombi langu, maana najijua, nikianza kuzunguka nitaishia mwisho wa karatasi sijalisema. Naomba uje Mtwara kabla ya mwezi wa tisa kufika katikati, twende wote Kitaya, ukazungumze na mjomba wake Joana kwa niaba yangu. Sina mwingine wa kumtuma. Sababu yake ni ndefu na inaanza na samaki, kwa hiyo univumilie.

Unamkumbuka Bwana Henriksen, yule mhandisi Mdenmaki niliyewahi kukuandikia habari zake, aliyekuwa akifuga samaki nyumbani kwake kama wengine wanavyofuga kuku, ila yeye hakuwala. Desemba mkataba wake uliisha. Siku ya kuondoka aliniita akanikabidhi samaki wanane aliowaita diskasi. Ni samaki wa Amerika ya Kusini, bapa, wa mviringo, wakubwa kiasi cha kisosi, wenye milia ya buluu juu ya rangi ya udongo. Akaniambia lile tangi lake dogo limeshawabana, niwatengenezee kubwa, refu kwenda juu. Maji yao yawe ya mvua au yanayofanana na ya mvua, na yawe na joto, jambo ambalo kwa Mtwara halina haja ya kuagizwa. Tena nisimwache hata mmoja akae peke yake, kwa sababu diskasi akiwa peke yake huacha kula. Hilo la mwisho nililicheka kimoyomoyo.

Mwezi mzima wa Januari nilijenga. Wewe unanijua nikishika kazi. Kioo kinene nilikipata kwenye dirisha la duka moja la Chikongola lililofungwa, Josephu wa karakana akanichomea fremu ya chuma, na viungo nikaviziba kwa lami. Futi sita kwa urefu, mbili kwa upana, mbili kwenda juu. Meza ya kawaida isingebeba uzito ule, nikatafuta mataruma, yale magogo ya chini ya ile reli ya mradi wa karanga iliyong'olewa zamani, nikayapanga sebuleni. Mara ya kwanza kulijaza lilivuja pande zote, na Joana, akiwa amepiga magoti na tambara, akasema amewahi kuona mtu akinunua chekeche, lakini hajapata kuona mtu akilijenga. Mara ya tatu lilishika. Tulibeba madebe thelathini na nane ya maji ya mvua kutoka kwenye mapipa, mimi na yeye. Yeye akaenda kwao Kitaya akarudi na magunia mawili ya mchanga wa Ruvuma na kisiki cheusi kilichokaa mtoni miaka mingi. Juu ya mchanga akapindua chungu chake cha udongo, akasema hata samaki wanahitaji mahali pa kuegemea.

Mwezi wa tatu, dume na jike mmoja wakataga juu ya chungu kile. Mayai yalipoanguliwa tuliona jambo ambalo nisingeliamini kwa kusimuliwa. Wale watoto, wembamba kuliko uzi, walijibandika ubavuni mwa mama yao wakawa wanakula ute wa ngozi yake. Mama akichoka anajitikisa kidogo, na watoto wote wanahamia kwa baba. Unajua, dada, tangu tulipomzika mtoto wetu mwaka juzi Joana alikuwa hakai sebuleni. Alikuwa jikoni, uani, kanisani, popote isipokuwa mahali pale tulipowahi kutandika kitanda cha mtoto. Sasa akatandika mkeka mbele ya tangi. Alishona pale, alichambua mchele pale, na alimwita jirani yetu Rozalia aje aone samaki wanaonyonyesha. Jioni moja nilimkuta akiimba. Nilisimama mlangoni na buti zangu mkononi nisije nikamkatiza.

Laiti ningebaki pale mlangoni. Mkuu wetu wa karakana alisikia habari za tangi akasema Jumatatu ya Pasaka atakuja na mke wake kulitazama. Nikaona mchanga wa mto na kisiki cheusi ni aibu. Hata Bwana Henriksen nilikuwa nikimwona mtu asiye na jicho la urembo, maana tangi lake lilikuwa hivyohivyo. Nikashuka ufukoni nikaokota matumbawe makavu, meupe, yenye matawi, magunia mawili. Niliyaosha mara saba. Joana aliniambia wale samaki wanaonekana wametosheka na walichonacho, kwa nini niwabadilishie nyumba wakati wana watoto. Nikamjibu kwamba mambo ya urembo aniachie mimi. Niliyapanga kama milima ya kwetu Mbinga, na wageni walipokuja walisifu mpaka nikajifanya kuona haya.

Siku ya nne samaki wakawa weusi. Wakakunja mapezi, wakajibana pembeni, na watoto wakaanza kudondoka kutoka ubavuni mwa wazazi wao, mmoja baada ya mwingine, wakabaki juu ya mchanga. Nilibadilisha maji, nikatia mengine ya mvua, yakawa yaleyale. Kufikia wiki ya pili walibaki wakubwa wawili. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Aprili, siku ya Jumamosi, yule jike alikuwa ameelea, na kando ya tangi nikaikuta ndoo ya Joana yenye povu la sabuni. Nikasema ndiyo hiyo, amechota maji ya tangi kwa ndoo ya kufulia, sabuni imeingia humo. Yeye akasema ndoo ile imechota maji pipani tu, tena ilikuwa ikielekea uani. Sikumsikiliza. Nilisema maneno mbele ya Rozalia na mumewe Juma. Nitayaandika mbele kidogo. Joana aliisuuza ndoo, akaitundika mahali pake, na mchana akapanda lori la Kitaya.

Kwa hiyo, dada, Joana hayupo hapa. Huu ni mwezi wa nne tangu aondoke.

Ukweli niliupata Juni nilipokwenda kwa Bi Fatuma muuza chokaa, nipake kuta, nyumba ionekane kama inakaliwa na watu. Kule kwake nikakuta kuni zimepangwa, na juu ya kuni mawe yale yale niliyoyapanga tangini. Nikamuuliza ni ya nini. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza mimi mtu wa bara nilidhani chokaa hulimwa. Hapa Mtwara hata mtoto anajua kuwa matumbawe ndiyo yanayochomwa yakawa chokaa. Akaniambia pia kwamba visima vilivyochimbwa katika mawe ya namna hiyo maji yake hayatoi povu, ufue mpaka mikono ichubuke. Nilirudi nyumbani nikachota bakuli la maji ya tangi na bakuli la maji ya pipani, nikachukua kipande cha sabuni cha Joana. Maji ya pipani yalitoa povu jeupe, zito. Ya tangini yalifanya utando tu, kama maziwa yaliyokatika. Lile povu nililoliona ndooni mwake lisingetoka kwa maji ya tangi, ndilo lililokuwa shahidi wake, na mimi nililigeuza kuwa kosa lake. Maji ya mvua nilikuwa nayo, dada, nikayaharibu mwenyewe kwa mikono yangu miwili na kwa majivuno.

Nilikaa wiki tatu na haya yangu, ndipo Julai nikaenda Kitaya peke yangu. Mjomba Alberto alinikaribisha, nikala ugali na samaki. Joana alitoka akanisalimia kama anavyosalimiwa karani wa kodi, akarudi jikoni. Nikaeleza kwamba nimekosa na nimekuja kumchukua mke wangu. Mzee yule hakukasirika. Alisema siku ya kuposa nilikuja na watu wangu, dada yangu akacheza ngoma katika uwanja huu mpaka viatu vikakatika, sasa vipi nije kuchukua peke yangu kama anayeokota kitu kilichodondoka njiani. Kwao, mwanamume aliyemvunjia mke heshima mbele za watu hurudi na mtu wa tumbo moja naye, na huyo mtu awe ameambiwa yote, hata neno lenyewe lililosemwa, lisioshwe wala kufunikwa. Akija bila kulijua, atarudishwa pamoja nami. Tena akaniambia nchi yao, ng'ambo ya Ruvuma walikokimbia vita, sasa iko huru. Wakimaliza kuvuna, mwisho wa Septemba, mto ukiwa chini, ukoo mzima unavuka kurudi kwao, na Joana atavuka nao asipokuwa na sababu ya kubaki.

Tumbo letu limebaki na watu wawili, wewe na mimi. Nimeiandika barua hii mara tatu bila kutia hilo neno, na mara zote tatu nimeichana. Basi lisome. Nilimwambia Joana, mbele ya majirani, kwamba kila kinachozaliwa ndani ya nyumba hii kinafia mikononi mwake. Nililisema nikiwa natazama samaki, lakini yeye alijua nasema habari za nani, na mimi pia nilijua. Wewe ndiye uliyemwogesha mtoto wetu siku ile. Najua utakaposoma hapa utaiweka barua chini. Ukiweza kuiokota tena, endelea.

Matumbawe nimeyatoa yote. Nimetia maji ya mvua niliyokuwa nimeyabakiza, na samaki mmoja amepona, yule dume. Katika tangi la futi sita anakaa pembe moja tu, nyuma ya chungu. Bwana Henriksen alisema kweli, peke yake hali. Niligundua kwamba nikivuta kiti nikakaa karibu na kioo, anasogea na kuokota mbili tatu. Kwa hiyo chakula cha jioni tunakula pamoja, mimi upande huu na yeye upande ule, na hiyo ndiyo familia niliyo nayo Mtwara.

Kuhusu kanga, imo bado katika karatasi uliyoifungia, kamba haijafunguliwa. Ulipoandika Mei nikakujibu kwamba Joana ameipenda, niliongopa. Njia ya Tunduru wakati huu wa kiangazi inapitika. Ukija utaikuta juu ya kabati, na nitafurahi ukiibeba wewe kwenda Kitaya, si mimi. Ukiamua kutokuja sitakulaumu, ila uniandikie mapema nijue.

Nisalimie shemeji, watoto, na Padri akiuliza. Mwambie Danieli mdogo kwamba bado natafuta stempu zenye picha ya meli. Wifi yako safari hii hakusalimu. Salamu zake za Mei, za Juni na za Julai, na ile habari kwamba anakukumbuka kila akipika maharage yako, niliziandika mimi, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wake. Salamu zake za kweli ziko Kitaya, na itabidi uzifuate mwenyewe, kama bado anazo za kutupatia.

Ni mimi mdogo wako,
Lukasi