Redio Yetu Inasikia, Haisemi

Jumanne, 8 Novemba 1994

Nimefuta vumbi juu ya redio. Nimefukuza kuku wa Sista Muthoni kutoka kwa kiti changu. Huyu Sista si mtawa, ni nesi wetu wa dispensari, ila kuku wake ndio wanajiona watawa, hawaguswi. Saa mbili nikabonyeza kitufe cha maiki kama kila siku, nikaita hospitali kule juu.

Hakuna.

Wao nawasikia wazi. Yule msichana wa huko anaita, "Dispensari, uko? Dispensari." Niko, mama. Niko nimekaa hapa kama jiwe la kunolea panga. Nimejibu mpaka koo likakauka. Hasikii. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake ati yule mzee wa Mbeere bado amelala.

Mimi nimelala. Mimi niliyeamka kabla ya mamake kuolewa.

Nimezungusha kila kitu kinachozunguka. Chaneli ni ileile. Kile kitufe cha kunyamazisha mvumo nimekirudisha nyuma mpaka redio ikanguruma kama uji wa mtama. Si hicho. Nimefunga kazi na hasira.

Jumatano, 9 Novemba

Leo ni zamu ya eriali. Nimetoka nje nikaangalia mlingoti. Kumbe mbuzi wa jirani amefungwa pale chini, amezunguka mpaka kamba imekwisha, amebaki akinitazama kana kwamba ni mimi nimemkosea. Nikajua nimepata mwizi wa sauti yangu. Nimeenda kwa jirani nikamtukana vizuri, matusi ya kizamani, yale yanayoanzia kwa babu.

Nimemwondoa mbuzi. Nimefuata ule waya mweusi mnene kutoka juu mpaka kwa redio, nikiupapasa kama nyoka aliyekufa. Haujakatika. Haujaingia maji. Nimeita. Hakuna.

Kwa hivyo mbuzi hakuwa na makosa. Sijarudi kuomba msamaha. Atakuja kukosea siku nyingine, matusi yatakuwa yamelipwa mapema.

Ijumaa, 11 Novemba

Fundi amekuja kutoka Embu. Kijana wa viatu vinavyong'aa na bisibisi moja. Amegonga redio kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, la nne nililichungulia dirishani. Akacheka. Akasema basi labda ni mimi nimeiharibu kwa kubonyeza vibaya.

Kubonyeza vibaya. Kuna kubonyeza kuzuri, kwa chuo kikuu?

Ameandika kwamba redio imekufa ndani. Imekufa vipi na tunaisikia ikiongea? Maiti gani hiyo inasoma habari za hospitali kutwa? Akapanda gari lake la kurudi. Sikumpa hata maji.

Jumapili, 13 Novemba

Baada ya ibada Katekista Nyaga amesimama na ile spika yake ya kanisa, ile inayotufanya tumsikie mpaka bondeni hata wakati hatutaki. Amesoma tangazo. Padri amesema kwa kuwa redio ya dispensari imeharibika na mtunzaji wake ni mzee, itachukuliwa Jumatatu ya tarehe ishirini na moja ikatengenezwe, kisha ipelekwe dispensari ya Timau. Wao walikuwa wameiomba siku nyingi.

Timau. Huko baridi ni kali mpaka maneno yanaganda kabla ya kutoka mdomoni. Watafanyia nini redio?

Watu wakanigeukia. Mtunzaji wake ni mzee. Nyaga alisoma hiyo sehemu polepole, na spika ikairudia.

Nilitazama upande wa akina mama. Wanja alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono juu ya tumbo. Huyu ni mke wa mwanangu Ireri. Hakutazama mtu.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema nje. Redio hii ililetwa kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulimshika, mto Ena ukawa umejaa, hakuna wa kuita gari la hospitali. Tukampeleka na mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto hakufika. Alikuwa mvulana, na kwetu mvulana wa kwanza ni jina la baba ya mume. Kwa hivyo siku ile walizika Kivuti, na Kivuti mwingine alikuwa amesimama hapo na jembe.

Sasa tumbo limekaribia tena, mvua ni hizi, na wanataka kupeleka redio Timau.

Jumanne, 15 Novemba

Nimefungua maiki. Waya wake haujakatika. Nimetoa fyuzi, nikaibusu, nikairudisha. Nzima.

Lakini leo nimeona kitu. Nikisikiliza, ile taa ndogo ya redio inawaka vizuri. Nikibonyeza niongee, taa inafifia kama jicho la mlevi. Nikiachilia, inarudi. Kumbe kusikia ni chakula kidogo, kusema ni chakula kingi. Hata watu ni hivyo, isipokuwa Nyaga.

Basi ni njaa. Sola iko juu ya bati, nimeipangusa, jua lipo. Ni nani anakula stima ya betri?

Sista Muthoni ana kaseti. Jioni nasikia kwaya huko kwake. Nikaenda nikamwambia peupe, mbele ya wagonjwa, kwamba anaimba na damu ya Wanja. Kisha akanionyesha kaseti yake: inatumia mawe manne ya betri, ameyanunua sokoni Siakago kwa pesa yake, na waya haina. Akaniambia niende nikapumzike, presha yangu itapanda.

Huyo nilimkosea. Jioni nilimfungia kuku wake bila kuambiwa. Wananidonoa hata nikitubu.

Alhamisi, 17 Novemba

Mvua. Wanja amekuja kupimwa. Aliniletea uji kwa kibuyu, akauweka mlangoni na kugeuka, kama inavyofaa mke wa mwana. Alisimama kidogo akisikiliza redio. Yule msichana wa hospitali alikuwa anaita dispensari zote moja moja, na zote zinajibu, isipokuwa sisi.

"Baba," aliniuliza akiwa bado amegeuka, "Jumatatu wanaichukua kweli?"

Nikamwambia waje, watanipeleka mimi pia Timau, nimefungwa na huo waya mweusi. Alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Uji ulikuwa mtamu na sikuweza kuumaliza.

Jumamosi, 19 Novemba

Kila Jumamosi mimi huenda Siakago kununua ugoro. Wote wanajua. Leo mvua imeharibu njia, nikabaki, nikajilaza nyuma ya pazia la dispensari nipumzishe mgongo. Nikasikia mlango. Nikachungulia. Katekista Nyaga, na kimtungi cha maji ya baraka kutoka kanisani.

Alinyunyizia redio. Akafanya ishara ya msalaba. Sawa, haina ubaya, hata mimi nimejaribu kuibusu. Kisha mtu huyu akainama kwenye betri, akafungua vifuniko kimoja kimoja, akaanza kuinywesha.

Nilitoka nyuma ya pazia. Alishtuka mpaka akamwaga.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, kwa fahari kabisa, kwamba Sista alilalamika tangu Agosti kuwa betri imepungua maji na chupa ya maji ya betri imeisha. Basi yeye, kwa moyo wa kujitolea, amekuwa akiijaza kila Jumamosi. Na kwa kuwa kazi yake ni ya kuokoa akina mama, ameona maji ya kawaida hayatoshi.

Nilichovya kidole kwa kile kimtungi, nikaonja. Chumvi. Bila shaka chumvi: Padri huyabariki na chumvi kidogo, ndiyo desturi yao. Na chini ya hiyo baraka ni maji ya kisima chetu, ambayo hata ng'ombe huyanywa akikunja uso.

Nilikuwa utingo wa lori la pamba ujanani. Dereva wetu alikuwa akituambia, chumvi na betri ni mke wa mtu na kijana wa jirani, usiwaache chumba kimoja. Hii yetu imebatizwa Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka imekufa katika neema.

Na ni mimi nimeitwa mzee mbele ya kanisa. Na spika.

Nilimweleza. Aliketi sakafuni. Akasema Padri akijua watamtoa ukatekista, na ile nyumba ya kanisa anayokaa na watoto itaenda. Uso ulikuwa umelowa, sijui ni jasho ama ni yale maji yake.

Nilitaka kupiga kengele ya kanisa saa hiyohiyo. Naapa nilitaka. Nilishajiona nikiwaambia wote, neno kwa neno. Lakini nikisema ni baraka ya Padri imeua betri, nani ataniamini, mzee wa darasa la tatu? Jumatatu ingefika tukibishana, na redio ingeenda.

Nikamuuliza spika yake inatumia betri gani. Akaelewa mara moja, akashika kichwa.

"Mzee Kivuti, bila spika nitasikiwa na nani?"

"Na Mungu," nikamwambia. "Huyo hajawahi kulalamikia betri."

Tukaenda kanisani. Betri yake tumeibeba wawili kwenye matope, yeye mbele, mimi nyuma nikimkumbusha dhambi zake kila hatua. Tukafunga nyaya. Nikabonyeza. Taa haikufifia.

"Dispensari, tunakupata vizuri sana," msichana akasema. "Mzee, umeamka?"

Nimemjibu mambo ambayo hayaandikwi.

Jumapili, 20 Novemba

Nyaga amehubiri na koo lake mwenyewe. Amewaambia watu betri ya spika ameitoa sadaka. Sadaka! Wakampigia makofi. Nimekaa hapo nikitafuna ulimi wangu kama miraa ya jana.

Jumatatu, 21 Novemba

Padri amekuja na gari, nyuma wametandika magunia ya kulaza redio. Nikamwacha aingie. Nikabonyeza, nikaita, hospitali ikajibu, ikasema habari ya asubuhi. Padri akabaki mdomo wazi.

Akauliza ilikuwa na shida gani. Nyaga alikuwa mlangoni, rangi imemtoka. Nikafuta vumbi juu ya redio, polepole. Niliufurahia ule muda, sitadanganya. Kisha nikasema ilikuwa na kiu, Padri, ikanyweshwa na mtu mkarimu kupita kiasi.

Hakuelewa. Aliangalia kile kimtungi kwenye kona, akatabasamu, akamshika Nyaga begani. Akasema mbele ya Sista, mbele ya wagonjwa, mbele ya kuku, kwamba maombi ya katekista wetu yameiponya redio.

Maombi.

Mimi niliyetukana jirani bure, niliyepapasa waya, niliyebusu fyuzi. Nilimtazama Nyaga. Hakuweza kunitazama. Nilifungua mdomo, na kupitia dirishani nikaona Wanja anakuja kupimwa, anatembea na mkono mgongoni.

Nikafunga mdomo. Padri ameondoka na magunia matupu.

Nyaga amerudi jioni na ugoro, wa Siakago, ule mkali. Ameenda kwa miguu kwenye matope. Nimempokea. Sijasema asante.

Alhamisi, 24 Novemba

Saa saba mchana Ireri amefika akikimbia. Uchungu. Wiki nzima kabla ya ile aliyosema Sista.

Nimebonyeza. Sauti ilinikataa, si ya redio, ni yangu. Nikajaribu tena. Nikasema ni Wanja, mke wa mwanangu, wa mkokoteni, mnamkumbuka. Msichana hakutania. Akasema gari linatoka sasa hivi.

Mto Ena ulikuwa unapanda. Nyaga na vijana walisimama majini na kamba kuonyesha dereva pahali pa kupita. Maji yalimfika kiunoni. Alikuwa anapiga kelele kumwelekeza, bila spika, na alisikika ng'ambo.

Gari lilivuka. Lilirudi na Wanja. Maji yalifunga njia nyuma yao.

Jumamosi, 26 Novemba

Sijaenda Siakago. Nimekaa kwa kiti. Kuku mmoja amekaa miguuni pangu, nimemwacha.

Hospitali wameita asubuhi. Mama yuko salama. Ni msichana. Wakauliza waandike jina gani kwa kadi, Ireri amewaambia wamuulize mzee. Hana haja ya kuniuliza. Msichana wa kwanza ni jina la mama ya mume. Kijana anajua. Alitaka tu niseme mimi.

Tangu tumzike mke wangu sijalitaja hilo jina kwa sauti. Kwa nyumba mtu huogopa, linagonga ukuta na kurudi peke yake.

Nimebonyeza kitufe. Taa imewaka, haikufifia.

Igoki, nikasema.

Nikaachilia. Mvumo kidogo. Mvua juu ya bati.

"Dispensari," yule msichana akaita, polepole. "Mzee, uko?"

Niko.