Sentimita Kumi na Tano za Mzee Hubert

Rybnik, Jumapili, 16 Februari

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa Babu na Bibi. Sote tunakuulizia: mgongo umepoa? Na yule bibi unayemtunza huko Bremen ameanza kula, au bado anaikataa supu mpaka umwimbie? Sisi hatujambo. Kifua cha Bibi kinamsumbua asubuhi, lakini Jumapili iliyopita alikanda madonge ya viazi mwenyewe na kuyatoboa katikati kwa kidole, kama kawaida. Alipoyaona ya kwangu alisema hayo si madonge, ni barabara ya kwenda stesheni, mashimo matupu. Kwa hiyo usiwe na hofu sana.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumatano. Sababu ni mbili. Kwanza, ndani ya bahasha kuna fomu inayotaka saini yako kwa wino, na ofisi haipokei picha. Pili, tukiongea kwa simu Babu hukaa karibu yangu akijifanya anasoma gazeti, na mimi nina jambo ambalo sikuweza kukueleza mbele yake. Sasa naweza, lakini nimeona afadhali niliandike, ili nisilikatize katikati kwa kulia.

Unakumbuka nilikuambia kwamba mwezi wa kwanza tulitembelewa na askari wa manispaa. Walikuwa wawili, mwanamume wa makamo na dada mmoja kijana, na walipangusa buti zao vizuri mlangoni. Waliomba kuliona jiko la makaa ya mawe linalopasha nyumba joto, kule chumba cha chini, wakachota jivu wakalitia katika mfuko. Babu alikuwa amechoma milango ya lile kabati la zamani, pamoja na vanishi yake yote, na nadhani pia jozi moja ya viatu. Askari alimwambia kwa upole kwamba kuna mtu amelalamikia moshi wetu, kwamba mara ya kwanza ni onyo tu, na kwamba mara ya pili haitakuwa hivyo. Yule dada alituachia kijikaratasi. Kilieleza kuwa serikali inatoa ruzuku kwa wenye nyumba wanaotaka kuondoa majiko ya zamani, kuweka mtambo safi wa kupasha joto na kuzivika kuta zao zisipitishe baridi. Kwa wastaafu wenye pensheni ndogo, karibu gharama yote inalipwa na serikali.

Babu hakukisoma. Alikikunja akakitia chini ya mguu wa meza unaocheza. Alichotaka kujua ni nani aliyepiga simu, na hakuchukua muda kupata jibu. Wiki moja kabla ya hapo, watu wakitoka kanisani, Mzee Hubert alikuwa ameegemea uzio wake hapo jirani akamuuliza kwa sauti: "Alojz, leo mnapika nini? Kiatu cha kushoto au cha kulia?" Watu walicheka, hata Babu alicheka. Baada ya askari kuondoka, kicheko kile kilimrudia kikiwa kichungu. Nani mwingine ana mtambo mpya wa umeme na mashati meupe kwenye kamba? Nani mwingine anatuona kila tunapofungua mlango? Babu alimwambia Bibi: "Miaka arobaini nimekula na mtu huyu. Kumbe nilikuwa nalisha shahidi."

Tangu siku hiyo hawakuongea. Mama, unajua mwenyewe maana yake, maana Mzee Hubert ndiye baba yako wa ubatizo. Alikuwa anamwamkia Babu kama wachimbaji wa mgodini wanavyoamkiana, "Mungu akujalie, Alojz," na Babu alikuwa anaangalia mawingu kana kwamba amesikia mvua. Wiki tano nzima. Mzee Hubert hakuacha kumwamkia hata siku moja.

Kijikaratasi nilikichomoa chini ya meza, nikamsomea Bibi. Bibi hakubishana na Babu. Aliniomba tu tusaidiane kukivuta kitanda chake kutoka chumbani mpaka jikoni, karibu na kabati la mikate, akasema atarudi siku ukuta wa kaskazini utakapoacha kutoa jasho. Ule ukuta umeota ukungu mweusi kutoka chini mpaka usawa wa mto wa kulalia. Siku ya nne Babu alikuja jikoni na miwani yake, akaniuliza hizo fomu zinaanzia ukurasa gani. Tulizijaza pamoja kwa jioni mbili. Alinisahihisha mwaka wake wa kuzaliwa ingawa nilikuwa nimeuandika sawa.

Kisha akaja mkaguzi, Bi Jolanta, mwenye kamera inayoonyesha joto. Alitupiga picha kutoka nje, nyumba ikatoka nyekundu kama nyanya, na ukuta wa kaskazini ukawa karibu mweupe kwa jinsi ulivyokuwa ukipoteza joto. Alieleza kwamba kuta zote nne zitabandikwa vibao vya povu gumu, halafu zipigwe plasta juu yake. Tena jiko la zamani lazima likatwekatwe, lipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kuletwe hati ya kuthibitisha. Babu alijibu kwa kiburi kidogo kwamba mlango wa jiko lile aliuchomelea yeye mwenyewe. Bi Jolanta akamwambia basi vizuri, atajua pa kuanzia kukata. Nilimwona Babu akijizuia kucheka, nikajua amempenda.

Lakini Bi Jolanta akatoa futi yake, akapima nje upande wa kaskazini, akapima tena. Alituambia kwamba ukuta ule umesimama juu ya mpaka wenyewe. Vibao vina unene wa sentimita kumi na tano, na sentimita hizo zote zitaingia katika uwanja wa Mzee Hubert. Bila idhini yake ya maandishi ukuta hauwezi kuvikwa, na bila ukuta ule nyumba haitafikia kipimo kinachotakiwa, na ombi lote litakataliwa. Mwisho wa kupeleka maombi ni tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu.

Babu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alisema: "Basi tutabaki na jiko." Bibi alimuuliza kama yuko tayari kumsikiliza akikohoa maisha yote kwa ajili ya upana wa kiganja. Babu alisema jambo lenyewe si upana, akashuka chini kuchochea moto.

Mama, kama umesimama, tafadhali keti. Si Mzee Hubert aliyepiga simu. Ni mimi.

Unajua kwamba niko katika kundi la shule linalosoma kipimo cha hewa kila asubuhi na kubandika rangi kwenye ubao wa lango. Ile wiki tulibandika nyekundu iliyoiva siku nne mfululizo. Bibi alikuwa anakohoa mpaka anashika sinki. Nilikuwa nimemwomba Babu mara mbili asichome lile kabati, naye akaniambia nikafanye hesabu zangu. Ningependa kukuambia kwamba nilipiga simu kwa ajili ya Bibi tu, lakini si kweli yote. Siku hiyo darasa letu lilitoka na Mwalimu Bożena kuangalia mabomba ya moshi, na mtaani kwetu mwenzangu Oliwier alionyesha moshi mmoja mzito akauliza ni nyumba ya nani hiyo. Wote walicheka. Nami nilicheka, nikasema sijui. Nyumba yetu, Mama, na Bibi akiwa dirishani. Nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira na kila mtu, nikapiga simu nikataja namba ya nyumba. Jina langu sikutaja.

Wiki tano niliona Babu akimgeuzia kisogo mtu asiye na kosa, nikanyamaza. Kila siku nilijiambia kesho.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mzee Hubert. Alikuwa anakwangua sakafu ya banda la njiwa. Nilimweleza yote bila kupumua, naye akaendelea kukwangua. Nilipomaliza aliniambia kwamba alijua tangu siku ile ile. Askari walikuwa wamegonga kwake kwanza kuuliza namba kumi na mbili ni ipi, na mmoja wao akasema kwamba aliyepiga ni msichana, tena aliwaomba wasimtishe bibi yake. Mzee Hubert alisema: "Mtaani hapa kuna msichana mmoja tu anayeongea na askari kama anaongea na askofu."

Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Alojz akinikasirikia mimi, nina njiwa wangu na televisheni yangu. Akikukasirikia wewe, utakula wapi?"

Nilimwomba saini. Alisema kalamu iko mezani na yuko tayari leo hii, lakini karatasi iletwe na mwenye ukuta. Hawezi kutia saini ukuta wa mtu asiyemwitikia salamu. Nikaelewa kwamba njia ni moja tu.

Babu nilimkuta chini, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mbele ya jiko. Nilichagua huko makusudi, Bibi asije akanitetea. Nilipomaliza kusema alichochea makaa. Kisha akauliza jambo moja tu: kama nilitaja jina langu. Nikasema hapana.

"Kalina," alisema, "miaka kumi na minane nilitembea na kipimo cha gesi kule mgodini. Gesi ikipanda nilisimamisha kazi, watu wakakosa posho, wakaniita majina nisiyoweza kukutajia. Lakini walijua ni Alojz, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yao. Kusema ulisema sawa. Hubert umembebesha mzigo wako." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba na yeye amemsaidia mtoto kumbebesha.

Alipanda juu, akanawa mikono mpaka viwiko, akavaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi. Hakupita kwenye pengo la uzio kama zamani. Alizunguka barabarani akagonga lango kama mgeni, na mimi nyuma yake na fomu. Mzee Hubert alifungua, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza amekuja kuazima nini.

"Sentimita kumi na tano," Babu alisema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka tufe."

Mzee Hubert alifikiri kidogo, akasema sawa, ila akiona Babu amepanda kabichi humo, atawaita askari yeye mwenyewe. Babu aliniagiza nikaangalie njiwa. Sijui waliambiana nini. Niliporudi walikuwa nje na futi, wamechutama kwenye theluji na magoti yao mabovu, wanagombana kama plasta inahesabiwa ndani ya zile kumi na tano au ni ya juu yake. Mzee Hubert alimwita mwizi wa ardhi. Babu akamwambia anyamaze, aishike futi vizuri.

Saini yake ipo, ukurasa wa tatu. Yako ni ukurasa wa nne, kwa sababu nyumba imeandikwa majina mawili, la Babu na lako. Nimeweka alama ndogo ya penseli. Ukiirudisha kabla ya katikati ya mwezi wa tatu tutawahi. Bi Jolanta anasema ombi letu ni zuri, ingawa ofisi haiwezi kuahidi, na ikikubali mafundi wataanza baada ya Pasaka.

Mama, nakuomba msamaha nawe pia, kwa zile Jumatano tano nilizokuambia hakuna jipya. Babu amenisamehe, nafikiri. Leo asubuhi aliwasha jiko, akanitoa uani bila kofia, yeye akabaki mlangoni. Aliniambia nitazame juu ya paa, halafu nimwambie usoni moshi una rangi gani.

Nilitazama. Nikamgeukia nikasema, "Mweusi, Babu."

"Asante," alisema, akashuka kurekebisha moto.

Msalimie yule bibi unayemtunza, na umwambie kwamba kwetu pia yupo mkaidi wa kubembelezwa. Bibi anakuombea, Babu anasema ujifunge shingo vizuri, na Mzee Hubert anauliza kama binti yake wa ubatizo bado anapenda keki ya jibini. Uwe na afya njema, Mama, mpaka tuonane.

Mwanao akupendaye,
Kalina Wyrobek
Nyumba namba 12