Mashua ya Shemeji Yusufu

Jumatano, Gitega

Leo tena imelala upande. Hii mashua ya tanga nimeichora kwenye kompyuta kwa urefu, upana na kina, tumbo lote hadi mkuku, ule uti wa chini, kama alivyoagiza shemeji Yusufu. Bila watu inaelea vizuri. Nikiipakia uzito wa abiria anaowataka, inainama, halafu haiinuki.

Nikampigia huko Muyinga, anakoiunda.

"Shemeji, ni nyembamba mno. Itapinduka."

Akacheka. "We unachora tu. Kompyuta iko inajua maji?"

"Basi ijaribuni kwanza bila watu."

"Ah non. Siku ya kwanza dada yako atakaa mbele na watoto. Nimeshamwambia."

Dada hajui kuogelea. Nikampigia na yeye.

"Usimvunje moyo mume wangu," akasema. "Nguo za watoto za siku hiyo nimeshashona."

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa?

Jioni shemeji akanitumia picha. Mbavu za mashua zimeshasimama, dada yuko kando yake anatabasamu. Chini ameandika kwamba ameipunguza upana tena, ili iende mbio.