Padri Uliyemngoja

Kigoma, Jumapili ya pili ya Kwaresima, 1955

Yaya Numbi, dada yangu mkubwa,

Leo nimetimiza miaka ishirini na minane nje ya Kamina, na wiki ya tatu tangu barua ya mwanao Banza inifikie. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ulikufa Januari, kwa homa ya siku nne. Siku hizo nne nilikuwa stesheni nikiandika lebo za mizigo na kulalamika kwamba wino ni mwepesi.

Karani wa mizigo. Hiyo ndiyo kazi yangu, Yaya. Sijawahi kuwa padri.

Nimeliandika. Nilidhani mkono utakataa.

Nilifukuzwa seminari mwaka wa tatu, na hakuna aliyenionea. Kila Jumamosi tuliandika katika daftari nia moja ya juma, na mzee aliyetulea alizisoma. Wenzangu waliandika: nisiongee mezani, niamke kengele ya kwanza. Mimi niliandika: niwe mtakatifu. Juma lililofuata: niwe mtakatifu. Mzee akaniuliza mtakatifu huyo ataanza saa ngapi siku ya Jumatatu. Jumatatu ilipofika nilichelewa kengele kama kawaida.

Wewe ungemjibu. Unalikumbuka shamba letu la mihogo, njia ya Kabongo? Kwetu mtu akianza kulima hufunga fundo la majani mbele yake, na hapumziki mpaka jembe lilifikie. Wewe ulilifunga hatua kumi mbele. Ukifika unakunywa maji, unafunga jingine. Mimi nililifunga kule mwisho, chini ya kichuguu, ili wapita njia wanisifu. Jua likipanda nilikuwa nimeegemea mpini, nalitazama. "Mumuangalie huyu," uliwaambia wanawake wa shamba jirani, "analimaka na macho!" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha ukaja na jembe lako, ukanimalizia kipande changu, na jioni ukamwambia Baba kwamba tumelima sawa.

Hapo ndipo ningepaswa kukukatalia. Nikazoea.

Siku ya kuondoka ulipiga makofi taratibu, kama mtu aliye mbele ya chifu, ukasema, "Eyo vidye, mon père!" Ndiyo bwana, padri wangu. Ulikuwa unanitania, lakini uso wako haukucheka. Nami nikatangaza mbele ya wote kwamba sitarudi ila nikiwa padri. Hakuna aliyenitaka ahadi hiyo.

Nilipofukuzwa nikavuka ziwa badala ya kurudi nyumbani. Nikakuandikia kwamba bado mwaka mmoja. Kisha mwingine. Mwaka wa sita, kwa kulichoka neno "bado", niliandika kwamba askofu wa huku amenipa daraja takatifu, ila haniruhusu kusafiri. Sentensi moja tu. Katekista alikusomea mara tatu, ukaenda misheni kushukuru huku unga ungali mikononi. Watu wakaanza kukuita Yaya ya Padri. Ukapewa benchi ya mbele. Hata wake za askari kule Base, kambi ya jeshi, waliponunua sombe, majani ya mihogo, kwako, walikuomba uwaombee. Ningekunyang'anyaje?

Nina mke, Yaya. Nina mabinti watatu. Mkubwa ana mwendo wako, anatanguliza bega.

Na barua zako! Kila moja ilileta kitu kidogo kilichokwisha. Matofali yamekauka. Ukuta umefika dirishani. Mlango umefungwa bawaba. Ulikuwa unanijengea chumba, "padri asilale na kuku." Katika miaka yote hiyo hukumwandikisha katekista hata mara moja "nitajenga". Mimi sikuandika kitu kingine ila "nitakuja".

Mwaka jana ukaniambia kwamba reli ya kwenda Kabalo inajengwa, kwamba karibu mtu ataweza kutoka ziwani hadi Kamina kwa treni, na kwamba njia si sababu tena. Niliogopa. Nikajibu kwamba nakuja kabla ya Pasaka, hata kama sehemu ya njia ni kwa lori. Nilijua siji.

Sasa Banza ananieleza. Siku ya tatu ya homa, padri wa misheni alikuja na mafuta matakatifu. Ukamrudisha. "Mudogo yangu iko njiani. Ye njo atanipaka." Siku ya nne akaja tena, ukageukia ukuta. Ukuta wa chumba changu, kwa sababu ndimo walimokulaza.

Nimesoma vitabu vingi, Yaya, vya watakatifu na vya wenye hekima, na sijaona ukurasa unaoniambia nifanye nini na hilo. Umekwenda bila mpako kwa sababu yangu. Najaribu kukuombea, nikifika kwenye jina lako naiweka rozari chini, maana anayeomba ni mimi.

Banza anasema matanga hayajaondolewa. "Mujomba, tuko tunakungojea useme misa. Mama alikataza mwingine." Hawajanyoa. Ndugu wa Kabongo bado wamelala uani pako.

Jumanne nilikwenda kwa fundi cherehani kuulizia kanzu ya padri. Akauliza, bila ubaya, ni ya padri gani, apate kujua kimo chake. Nikasimama pale mbele ya mzee mwenzangu na utepe wake wa kupimia. Nikatoka bila kuaga.

Kwa hiyo kesho nitamwandikia Banza yote, bila kupunguza. Nitamwomba apeleke jina lako kwa padri wa misheni, misa isemwe, watu wanyoe, waende makwao. Watakuondolea lile jina ulilolipenda. Nisamehe, au usinisamehe, haki ni yako. Siahidi kuwa mtu mwema, nimekwisha ahidi makubwa ya kutosha. Naahidi kwamba barua hiyo itakuwa posta kabla ya saa nne asubuhi.

Pumzika, Yaya wangu. Usisikilize treni tena.

Mimi sitarudi Kamina.

Mdogo wako