Kaa wa Melini na Ujumbe Niliouficha

Mwenzangu Somoe,

Kukuuliza hali siwezi tena, kwa hiyo nakuombea rehema kwanza, halafu nikwambie lililonikalisha chini na kalamu. Baba alinifundisha herufi ili nisome Kurani. Hakujua kwamba siku moja nitazitumia kumwandikia mke mwenzangu aliyekufa, tena kumwambia neno nililomficha alipokuwa hai.

Nilikuonea wivu. Si tangu Salumu alipokuoa. Siku ile nililia nikanyamaza, na asubuhi yake nikakupikia uji kwa mkono wangu. Wivu wenyewe, ule wa kukata tumbo, ulianza na kaa.

Unaikumbuka meli ya wale Wadachi waliokuwa wakizunguka pwani kwa kujifurahisha tu? Hawakuja kudai kodi wala kuchukua watu wa kazi. Walikuja kutazama magofu ya Kisiwani, kisha waende Lindi, wale, wanywe, walale kwenye viti vya turubai mchana kutwa. Mume wetu alikuwa mpishi wao. Bibi mmoja wa Kidachi, yule mrefu mwenye utaji kwenye kofia, alichoka na vyakula vya kopo, akataka kaa, tena kaa aliye hai. Salumu akateremka na mashua hapa Kivinje, akaja mbio mpaka nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Akanipita.

"Somoe yuko wapi?"

Ukaingia mikokoni maji yalipokupwa. Ukatoka na pakacha limejaa kaa, umewafunga magando kwa ukindu, tope limekufika kiunoni, nawe unacheka. Ulikuwa ukimgeuza kaa, ukimbonyeza tumboni kwa kidole gumba, ukajua kama ana nyama au ni ganda tupu. Mimi mzaliwa wa hapa sijawahi kulijua hilo. Wewe ulitoka Miteja, kwenye mashamba, na kwa miaka miwili tu mikoko ikawa yako. Bibi alipiga makofi kama mtoto. Wakakuchukua mpaka Lindi, ili kila watiapo nanga uwatafutie kaa wapya. Siku sita, Somoe! Mimi nilibaki na mwanao Hadija, na kuku, na moshi wa jikoni.

Uliporudi ulinisimulia yote. Sahani nyeupe. Taa zenye vioo. Salumu aliyewapika kaa kwa tui zito, kama unavyopika wewe, na jinsi mlivyokula yaliyobaki jikoni mkinyonya magando, mabega yenu yakigusana. Hilo la mabega hukulisema. Nililiona mwenyewe kichwani, nikaendelea kuliona kila nilipofumba macho. Leso uliyoniletea niliitia sandukuni, nikasema nitaivaa Idi. Idi ikaja ikapita.

Mwaka uliofuata meli ilirudi. Ulikuwa umekwenda kisimani. Baharia akasimama mlangoni akasema, "Salumu anasema mkewe mdogo aje pwani kesho, aje na nguo zake. Bibi anataka kaa, na wanakwenda Lindi tena."

Nikajibu, "Haya, nitamwambia."

Sikukwambia.

Ulipoingia na mtungi kichwani, nikakuuliza habari za mama yako na mguu wake unaomsumbua. Nikasema, "Nenda Miteja ukamtazame. Mtoto niachie mimi." Ulifurahi mpaka ukaniinamia, ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukasema, "Dada, Mungu akulipe." Kulipopambazuka ukaondoka. Adhuhuri Salumu alikuja mwenyewe kukutafuta. Nikamwambia ulikuwa umeshatoka kabla baharia hajafika. Akarudi melini. Meli ikalia, ikaenda zake, nami nikasonga ugali nikala nikashiba. Nakwambia kweli. Nilishiba.

Hazikupita siku nyingi, Wamatumbi wakainuka na maji yao ya dawa, wakang'oa pamba ya serikali, na njia ya Miteja ikafungwa. Askari wakapita wakichoma nyumba na maghala ya chakula. Kila siku nilijiambia utatokea mlangoni. Mvua zikanyesha, zikaisha. Ndipo alipokuja mwanamke kutoka huko, amekonda hata sauti yake imekonda, akasema, "Somoe alikufa kwa njaa na homa. Kidogo alichopata alimpa mama yake."

Na mwezi huu meli imekuja tena. Watu wengine, lakini bibi ni yule yule, na anachotaka ni kile kile. Wanastarehe pwani kana kwamba hapakutokea kitu. Salumu alinitazama, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumtazama. Nisikufiche, nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa ni zamu yangu. Nikaingia mikokoni, gando likanibana kidole mpaka damu ikatoka, nikapata kaa wanne, nikapanda nao melini nimenyanyua kichwa. Salumu akawapasua. Watatu walikuwa maganda, nyama kama uzi.

Bibi akauliza, "Yuko wapi yule mwanamke wa siku zile?"

Salumu akamjibu, "Amekufa."

Bibi akatoa pole. Kisha akauliza kama kesho naweza kupata walionona zaidi.

Mume wetu akageukia meko, mabega yakamtikisika. Sijawahi kumwona akilia, hata siku aliyomzika baba yake. Na mimi, Somoe, badala ya kukuhurumia, nilikuonea wivu kwa yale machozi. Nilipojisikia hivyo nikajiogopa. Nikamwambia yote palepale, kisu bado kiko mkononi mwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiweka kisu mezani.

"Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake," alisema. "Nenda kwa mama yake."

Nilikwenda. Nilimkuta kwenye kibanda cha nyasi, jirani na palipokuwa nyumba yenu. "Shikamoo, mama." Nikakaa chini, nikamweleza kila neno, la baharia na langu. Hakuitikia. Akaingia ndani. Nikachukua mtungi nikamchotea maji. Asubuhi nikamwamkia tena, kimya, nikapalilia mtama wake. Siku ya tatu kimya. Siku ya nne nilimwamkia nikiwa sina tumaini, nikainama kuchukua jembe.

Akasema nyuma yangu, "Kila siku alikuombea dua. Mpaka siku ya mwisho. Alisema, dada ndiye aliyeniruhusu nije nikuone."

Nikaketi palepale chini. Akaniacha nilie, muda mrefu. Kisha akasema, "Marahaba."

Zamani nilikuonea wivu kwa kaa, kwa safari, kwa mume. Leo nakuonea wivu kwa sababu umekufa humchukii mtu, nami ndiye niliyebaki na moyo huu wa kuishi nao. Mama yako nimemleta. Analala chumbani kwako pamoja na Hadija, na mguu wake namkanda kwa mafuta ya nazi. Mwanao akifika umri wa kuelewa, nitamweleza kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Akitaka kunichukia, nitamwacha anichukie, na chakula chake atakikuta kimefunikwa. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Kwa heri, Somoe. Pumzika.

Mimi mke mwenzio,
Zuhura