Namba Moja Imebadilika

Mama Annet,

Samaki sato yuko kwenye friji. Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Nimewahi Misungwi kupiga kinanda kwenye misa ya ndoa.

Asubuhi nikichagua nyimbo zangu tano bora za wale watunzi wa zamani wa Ulaya, ulitoa maoni, nikakwambia huna sikio la muziki. Ukanuna, ukaenda kuosha vyombo. Mara nakusikia unaimba sauti ya pili ya ile misa ya Kilatini niliyoiweka ya tano, bila nota, bila kukosea. Mimi niliikosea Pasaka.

Namba moja ni ~~ile ya vinanda viwili~~ misa hiyo. Kumbe miaka yote nikipiga sebuleni, jikoni kulikuwa na mtu anasikiliza.

Jumamosi twende wote kwenye mazoezi ya kwaya.

Baba Annet, asiye na sikio